Wari si Wali

Mzee alikuwa ametoka upande wa Adu, na kwa vumbi la miguuni mwake, sehemu kubwa ya njia alikuja kwa miguu. Alikaa karibu na mlango wa hoteli, akaegemeza bakora ukutani, akamwambia mhudumu: "Nahenza wari." Mhudumu alikuwa kijana wa Kisauni, mwepesi wa miguu, mwenye uso mkunjufu, aliyekuja Marereni kutafuta riziki. Alirudi na sahani ya wali unaofuka moshi. Mzee aliutazama wali, akamtazama kijana, akala kimya bila kumaliza. Alipotajiwa bei alifungua pindo la kikoi, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, akalipa, akaenda zake. Mimi nilikuwa meza ya pili nikingoja basi. Nilipomuuliza kijana kwa nini hakumpa mzee alichoagiza, alinishangaa kwa dhati. "Amesema wali, nami nimempa wali."

Hakusema wali. Alisema wari, na wari kwa Mgiriama ni sima ya mahindi. Yule mzee alitaka sima na majani ya mchunga, chakula cha bei nafuu kinachokaa tumboni mpaka jioni, akapewa mchele uliopikwa kwa nazi, akaulipia kwa bei ambayo hakuipangia. Hakulalamika kwa sababu mtu wa rika lake hagombani na mtoto mbele ya watu. Mwenye hoteli hakujua lolote. Katika daftari lake siku ile kuliandikwa sahani moja ya wali, imelipwa.

Nimefanya kazi ya hoteli kati ya Kilifi na Marereni kwa miaka 26, kwanza kwenye sufuria, kisha mbele kwa wageni, na siku hizi nafundisha wahudumu wanaoanza. Kila msimu unapokaribia, wenye hoteli huniuliza swali lile lile: tuwafundishe vijana lugha gani? Wanatarajia niseme Kiitaliano, au Kijerumani, au Kichina. Jibu langu huwakera. Nawaambia kwamba hasara kubwa ya maneno katika mikahawa yetu hutokana na maneno ambayo kila mtu chumbani anaamini anayajua. Mgeni akitamka neno la Kipolandi, mhudumu husimama, huuliza, huonyesha kwa kidole, na chakula hufika sawasawa. Mgeni akitamka neno la Kiswahili, hakuna anayeuliza. Hapo ndipo wari inapogeuka wali.

Marereni ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili, pengine kuliko Malindi mjini. Ukitoka Malindi unavuka mto Sabaki, unapita Mambrui, Gongoni na Fundisa, ndipo unaingia Marereni. Upande wa bahari kuna mashamba ya chumvi, mabwawa makubwa ya maji yaliyotulia na vilima vyeupe vinavyoumiza macho saa sita mchana. Upande wa bara kuna vijiji vya Wagiriama. Barabara yenyewe inaendelea hadi Garsen, ambako njia inagawanyika, moja ya Witu na Lamu, nyingine ya Hola na Garissa. Kwa hiyo katika hoteli moja yenye meza sita wanakaa kibarua wa chumvi aliyetoka Kitui, msimamizi wake aliyetoka Kisumu, mwanamke wa Kigiriama aliyeleta kuku sokoni, mfanyabiashara wa mifugo Msomali, Mpokomo anayerudi Ngao, na abiria wa Lamu ambaye basi lake limepata pancha. Chumvi ndiyo inayowalisha wengi wao, na hata hiyo chumvi hawaiiti jina moja. Mgiriama ataomba munyu, Mjaluo chumbi, Msomali cusbo, na akitokea Mtaliano aliyepotea njia ya Ngomeni, ataomba sale.

Neno hoteli lenyewe ni mtego wa kwanza. Kwetu Kenya hoteli ni mahali pa kula. Ubao wa mlangoni umeandikwa Hotel kwa rangi nyekundu, na mgeni kutoka ng'ambo huingia na begi lake akiuliza chumba. Hakuna chumba, kuna meza, chai na mbaazi. Anayetaka kulala huelekezwa gesti. Nimewaona wageni wakidhani wanafukuzwa kwa sababu ya rangi yao, kumbe wameambiwa tu kwamba hapa hakuna vitanda. Mhudumu anayejua kwamba neno hilo lina maana mbili atamtoa mgeni nje, amwonyeshe gesti kwa mkono, na mgeni atarudi baadaye kula.

Tuingie jikoni, kwa sababu huko ndiko maneno yanakogharimu pesa.

Chakula kimoja kuwa na majina mengi si shida kubwa. Sima ya Pwani ni ugali wa bara, ni ugaa wa vijana, ni wari wa Mgiriama. Mhudumu hujifunza majina hayo manne kwa wiki moja. Kazi iko pale jina moja linapobeba vyakula viwili. Mtu wa bara husema "niwekee mchele na ndengu", naye hataki kitu kingine ila wali. Kwa masikio ya mpishi wa Pwani mchele ni ule wa guniani, haujaonja moto. Nimesikia wapishi wakicheka kwa sauti nyuma ya pazia: huyu anataka kutafuna mchele mbichi! Mteja anasikia. Kicheko hicho ni kosa la kazi sawa na kumwagia mtu mchuzi. Mteja wa Machakos hajakosea, anasema Kiswahili alichokulia nacho, na katika Kiswahili hicho mchele hupikwa na kuliwa.

Mboga ni mtego mkubwa zaidi. Msimamizi wa Kisumu akiuliza "mboga iko?" anataka kujua kama kuna sukuma wiki au kabeji. Dereva wa lori aliyetokea Tanga akiuliza "leo mboga gani?" anataka kujua sima italiwa na nini, na jibu laweza kuwa nyama, dagaa au maharagwe. Sisi wa Pwani tungesema kitoweo. Nilimwona dereva mmoja akijibiwa "mboga imeisha", akainuka kwenda kutafuta hoteli nyingine, na huku sufuria mbili za samaki wa nazi zikichemka hatua tano kutoka alipokaa. Mhudumu alijibu ukweli mtupu. Kabeji ilikuwa imeisha.

Kisha kuna pure. Kwa mtu wa Pwani, pure ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Mkikuyu anaiita githeri, Mkamba isyo, Mtanzania makande. Kijana wa Nairobi akiona neno pure kwenye ubao hulisoma kwa Kiingereza na kudhani anaahidiwa kitu kisichochanganywa, ilhali mchanganyiko ndio jina la chakula chenyewe. Na mahamri, tafadhali, si mandazi. Mpishi ameamka saa tisa za usiku kukanda unga kwa tui na iliki, halafu mteja wa bara anaomba "ndazi mbili". Ameyapa jina la karibu zaidi analolijua. Mhudumu mzuri humletea mahamri, akasema kwa upole, "Karibu mahamri, haya yana nazi." Mteja amejifunza neno bila kusahihishwa, na mara nyingi ataongeza mawili.

Chai ina ukoo wake. Ukitaja chai peke yake katika sehemu kubwa ya Kenya utaletewa ya maziwa. Isiyo na maziwa ni chai ya rangi, au chai kavu, au turungi kwa watu wa bara, na kwa wazee wa Mombasa na Lamu ni mkandaa, jina la mti wa mikoko ambao gome lake hutia maji rangi ya kutu. Siku hizi ni vijana wachache wanaolijua neno hilo. Mzee akiagiza mkandaa, mhudumu humtazama kama aliyeagiza mbao za kujengea. Msomali kwa upande wake ataomba shaah, na asipoulizwa kama anataka yenye maziwa au la, kikombe kitarudi. Ni jambo dogo. Lakini kikombe kilichorudi mara ishirini kwa siku ni maziwa, sukari na gesi, na mwenye hoteli humkata mhudumu mshahara kwa hasara hiyo badala ya kumfundisha neno moja.

Abiria wa Lamu wanastahili aya yao, maana hukosa kueleweka na watu wanaodhani kuwa Kiswahili chao wenyewe ndicho sanifu. Katika Kiamu na Kibajuni, sauti tunayoiandika j mara nyingi huwa d au hupotea. Njia ni ndia, njaa ni ndaa, maji ni mai. Na njoo ni ndoo. Mama wa Lamu akimwita mhudumu kwa mkono, "ndoo, mwanangu," kijana wa bara humletea ndoo ya kunawia. Akiomba mai, huulizwa ya kukaanga au ya kuchemsha. Nimeshuhudia yote mawili katika safari moja. Mama yule alikuwa amekaa ndani ya basi tangu alfajiri, ana kiu, na watu wazima watatu walimzunguka wakibishana kuhusu mayai. Lahaja yake ina utenzi na ushairi wa karne nyingi kuliko Kiswahili kilichomo katika vitabu vyetu vya shule. Alistahili maji mara moja.

Hapo hapo tazama neno la kuita lenyewe. Pwani tunasema njoo. Mtu wa bara husema kuja. Mtu wa Lamu husema ndoo. Mhudumu aliyelelewa Mombasa akiambiwa "kuja hapa" na mtu asiyemjua, hujiona ametukanwa. Akiambiwa "leta chai", hujiona ametumwa kama mtoto. Nimewatenganisha watu waliotaka kupigana kwa sababu ya leta. Katika lugha nyingi za bara, adabu haikai katika neno la pembeni kama tafadhali. Inakaa katika sauti, na katika jina unalomwita mtu. Anayefikiri kwa lugha hiyo na kusema kwa Kiswahili anatamka "leta chai" akiwa na moyo mweupe kabisa. Sisi tuliozoea naomba, nipatie, nisaidie, tunasikia amri. Nawafundisha vijana wangu wasikilize sauti kabla ya kusikiliza kitenzi. Sauti ikiwa shwari, basi leta yake ni naomba yako.

Nao wahudumu wana deni la kulipa upande huu. Kumwita mama wa Kigiriama "mathe" kwa sababu umeona vijana wa Nairobi wakisema hivyo kwenye simu ni kumvunjia heshima. Muite mama, au kama una Kigiriama muite mayo, na aliye mkongwe muite hawe. Mzee wa Kiislamu aliyevaa kofia, salamu yake ni asalamu aleikum kabla ya kumuuliza atakula nini. Mtu mzima wa Pwani asiyeamkiwa hula na kuondoka, lakini hatasahau. Shikamoo, ambayo kwetu wengi huitamka shikamuu, humshangaza mtu wa bara. Wengine hudhani wanafanywa wazee kabla ya wakati wao. Kwao, habari ya asubuhi inatosha. Mambo haya hayamo katika kitabu chochote cha mafunzo ya hoteli nilichopewa kusomea. Nilijifunza kwa kukosea.

Sheng ni bahari nyingine, na mimi si katika wale wanaoilaani. Madereva, makondakta na vijana wa chumvi huisema, na pesa zao ni pesa. Anayeagiza "chapo mbili madondo" ameagiza chapati mbili na maharagwe, asiambiwe haeleweki. Tatizo hutokea kwenye hesabu. Mbao ni shilingi 20, finje ni 50, soo ni 100, thao ni 1,000. Mama wa kijijini akiambiwa "ni soo na mbao", hana njia ya kujua kwamba ametajiwa shilingi 120. Atanyoosha noti na kumwachia mhudumu ahesabu, na hata mhudumu akiwa mwaminifu kama mizani, mama ataondoka na shaka. Kuna hata majina yanayozeeka na watu wake. Noti ya shilingi 500 iliitwa jirongo baada ya kampeni za uchaguzi wa 1992, kwa jina la mwanasiasa Cyrus Jirongo, na leo mtu aliyezaliwa baada ya hapo hukosa maana yake kabisa. Kwa hiyo kanuni yangu ni kali: chakula kitajwe kwa neno la mteja, bei itajwe kwa Kiswahili cha tarakimu kamili, siku zote, kwa kila mtu, hata akiwa rafiki yako.

Neno moja la hatari nalitaja upesi. Kwa Kigiriama, uchi ni tembo la mnazi. Mtu anaposema anaelekea mangweni kutafuta uchi, hajasema jambo lolote la aibu. Mgeni wa kike kutoka Nairobi aliposikia sentensi hiyo kwenye meza ya jirani aliinuka na kuhama. Mhudumu alipaswa kumweleza, naye alikuwa anacheka.

Sasa Kiitaliano, maana najua wasomaji wa Malindi wanakingoja. Kilifika kwetu kwa roketi. Mradi wa San Marco wa Italia, ulioongozwa na Luigi Broglio, uliweka majukwaa yake baharini karibu na Ngomeni, kusini kidogo mwa Marereni. Setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka hapo iliondoka tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wetu, ilirushwa ile ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Wahandisi na mafundi waliokuja kwa mradi huo walikula Malindi, wakajenga, wakaita jamaa zao, na nyuma yao wakaja watalii. Kizazi kizima cha vijana wa ufukweni, madereva wa tuktuk na wauza vinyago kilijifunza Kiitaliano bila darasa. Nawajua watu wasiomaliza darasa la sita wanaojadiliana bei ya nyumba kwa lugha hiyo bila kukwama.

Ninawaheshimu sana. Lakini tazama jinsi hata hapa neno linalofanana na jingine linavyotuponza kuliko neno geni. Mtaliano akisema caldo, anataka kitu cha moto. Mhudumu aliyesoma Kiingereza husikia neno la baridi na kwenda kwenye friji. Nililifanya kosa hilo mwenyewe katika hoteli yangu ya pili, nikampelekea mzee mmoja mwenye homa maji yenye barafu, na meneja akanisema mbele ya chumba kizima. Mtaliano akisema camera, anauliza chumba. Askari wa getini humjibu kwamba hakuna ruhusa ya kupiga picha. Akisema latte, anataka maziwa, si kahawa. Maneno magumu kama cameriere au conto hayakunisumbua hata siku moja, kwa sababu niliyajua kuwa mageni na nikayaulizia.

Saa nazo ni lugha. Sisi tunahesabu kutoka mapambazuko, saa moja ya asubuhi ni saa ambayo mzungu huita saba. Mjerumani akitaja saa mbili na nusu za kizungu kwa lugha yake, husema nusu ya tatu, na mhudumu aliyejifunza tarakimu za Kijerumani huandika tatu na nusu. Kijana wa siku hizi kwa upande wake huchanganya, akasema "kesho saa four". Katika gesti, kosa hilo humkosesha mtu basi. Dawa niliyoipata ni kulitaja jua: saa kumi alfajiri, kabla ya adhana. Saa nne, jua limeshapanda. Mgeni wa taifa lolote anaelewa ukimwonyesha lilipo jua, au giza.

Kuna Kiswahili kingine ambacho sisi watu wa hoteli tulikitengeneza wenyewe, na kwa hicho tuna lawama. Wote tunajua Jambo Bwana, wimbo wa Them Mushrooms wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, bendi iliyoanzia Kaloleni, hapa hapa kaunti ya Kilifi, na kukua kwa kupigia wageni mahotelini. Ni wimbo mzuri na vijana wale waliutendea Kiswahili wema mkubwa duniani. Lakini hoteli zetu zilichukua salamu ile zikaifanya lugha nzima. Hakuna Mswahili anayemwamkia mwenzake kwa jambo tupu. Tunauliza hujambo, tunajibiwa sijambo, na tunaendelea na habari za nyumbani. Mgeni aliyekaa Malindi wiki tatu hupanda matatu hadi Marereni na kumwambia bibi wa miaka themanini "jambo, hakuna matata". Bibi hutabasamu, maana ana adabu. Mgeni hudhani amezungumza. Tumemnyima kitu ambacho angekipokea kwa furaha, nacho ni salamu ya kweli yenye maswali mawili na majibu mawili. Kumfundisha kungechukua muda wa kumimina chai.

Nimefika kwenye malalamiko yangu makuu, nayo ni ya pesa. Katika mahojiano ya kazi mwombaji huulizwa anajua lugha gani. Akisema Kiitaliano, kalamu huandika. Akisema Kijerumani, kalamu huandika. Akisema Kigiriama, Kisomali na Kiorma, kalamu hutulia. Nimekaa upande wa meneja katika mahojiano mengi na nimeiona kalamu hiyo ikitulia. Hata hivyo, ukihesabu sahani zinazouzwa Marereni, Gongoni na Mambrui kwa mwaka, karibu zote huliwa na watu wa lugha za hapa nchini. Mtalii wa Kiitaliano hupungua kila dunia inapotikisika. Tulimkosa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, tukamkosa tena mwaka 2020 corona ilipofunga viwanja vya ndege. Kibarua wa chumvi na mama wa kuku hawakukosekana. Wao ndio waliozifanya hoteli za barabarani zibaki wazi mwaka ule.

Si kweli pia kwamba lugha hizi haziandikiki au haziwezi kufundishwa. Mmisionari W. E. Taylor alichapisha msamiati wa Kigiriama mwaka 1891, zaidi ya miaka 130 iliyopita. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na inaitaka serikali ikuze lugha za wananchi wote pamoja na lugha ya ishara. Chuo cha Utalii cha Nairobi kimefundisha wahudumu tangu 1975, na vijana wanaotoka huko wanajua mvinyo upi huendana na samaki. Nimewapokea baadhi yao hapa. Ni wachapakazi. Lakini hakuna aliyekuwa amefundishwa kwamba mtu wa Tanga akisema mboga anaweza kumaanisha nyama.

Katika hoteli chache zilizokubali ushauri wangu, tumefanya mambo mawili tu. Jikoni limebandikwa karatasi lenye neno moja kwa kila chakula: sima, wali, kitoweo, mboga za majani, pure, chai ya rangi, chai ya maziwa. Neno hilo ndilo linalopigiwa kelele dirishani, na hakuna jingine linaloruhusiwa kupita. Mbele, kwa mteja, mhudumu hutumia neno la mteja, kisha hurudia oda kwa maneno yanayoonyesha kitu chenyewe. "Wari, mayo. Sima ya mahindi na mchunga?" Mama huitikia kwa kichwa, au husema la. Ni sekunde tatu. Sahani zinazorudi zimepungua mpaka wapishi wenyewe wamekiri. Karatasi hilo huandikwa na wahudumu wote wakiwa wamekaa pamoja, na mara nyingi mwalimu mkubwa wa siku hiyo ni yule mwosha vyombo Mgiriama ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza neno.

Kijana wa Kisauni bado yuko Marereni. Siku hizi anasema Kigiriama cha mezani vizuri, na kidogo cha Kisomali. Mshahara wake ni ule ule aliokuja nao. Mwenye hoteli unayesoma safu hii, mwezi huu kabla hujaajiri mtu wa Kiitaliano, waite wahudumu ulionao, muulize kila mmoja anasema lugha gani nyumbani kwao, ziandike zote, na uzilipe.